Kifua Arobaini na Mbili

Fundi hakuwa na simu ya kupiga picha. Hakuwa na meno ya kutafunia upande wa kushoto, wala subira kwa watu wanaosema suti zote ni sawa. Kwa miaka mitatu sasa hakuwa na macho ya kutunga uzi kwenye sindano, jambo ambalo hakuwa amelitangaza. Hakuwa na mke, ingawa mwanamke aliyeachana naye miaka kumi na tisa iliyopita aliingia karakana yake kila siku saa tatu asubuhi na kutoka saa kumi jioni. Hakuwa na suruali inayofunga kiunoni, ingawa kabatini zilining'inia tisa, zote nzuri, zote zimeshonwa kwa jina lake. Na kuanzia Jumatatu moja, barua ilipofika, aliamua kwamba hana rafiki pia.

Barua ilitoka kwa Mrefu. Kwa miaka ishirini na sita Fundi na Mrefu walikaa benchi moja katika duka la suti. Mwenye duka alimpa Fundi kazi ya makoti na Mrefu kazi ya suruali, na suti haikuitwa suti mpaka wawili hao waitazame wakiwa wameinamisha vichwa upande mmoja. Jioni, wakifunga kazi, walikwenda pamoja kwenye masomo ya watu wazima. Mwalimu wao alikuwa karani mstaafu, na aliwafundisha kuandika barua ya aina moja tu, ya kikazi, yenye anwani mbili, tarehe na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari. Wote wawili walifaulu vizuri sana, na hawakuona sababu ya kujifunza aina nyingine.

Kisha Mrefu akazeeka kabla ya mwenzake, akachukuliwa na mwanawe kwenda kuishi nchi ya mbali, nchi ya baridi. Kabla ya kuondoka waliwekeana utaratibu. Kila mwaka Fundi angemshonea Mrefu koti, na Mrefu angemshonea Fundi suruali, na kabla ya kazi kuanza kila mmoja angemwandikia mwenzake vipimo vyake. Simu waliikataa. Simu, walikubaliana, ni ya kupeana taarifa za misiba.

Kwa hiyo kwa miaka tisa Mrefu aliandika: kifua arobaini na mbili, bega kumi na tisa, mkono ishirini na sita. Na kwa miaka tisa Fundi aliandika: kiuno thelathini na sita. Vifurushi vilikwenda na kurudi. Kila mmoja alimwandikia mwenzake kwamba vazi limemkaa kama amezaliwa nalo. Fundi alipomaliza kuandika maneno hayo alikuwa akishikiza suruali mpya kwa pini kubwa, ya aina wanayofungia nepi, na kuifunika kwa aproni ya kazi. Hakuhesabu huo kuwa uongo. Aliuhesabu kuwa adabu.

Barua ya Jumatatu ilikuwa fupi.

"YAH: KOTI LA MWAKA HUU," Fundi alisoma kwa sauti, barua ameisogeza mpaka mwisho wa mkono. "Rafiki yangu, kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mwaka huu usinishonee koti. Niliyo nayo yanatosha. Suruali yako nitaituma kama kawaida, nipe vipimo. Wako, Mrefu."

Mama watoto, yule mwanamke aliyeachana naye, hakusimamisha cherehani. Walipoachana, mjomba aliyewasuluhisha alitoa hukumu kwamba chumba cha kazi ni cha Fundi na cherehani ya umeme ni ya mkewe. Wanaume wanne walijaribu kuihamisha wakashindwa kuipitisha mlangoni, maana mlango ulikuwa umejengwa baada ya cherehani kuingia. Basi mali ikabaki ilipo, mwenyewe akaifuata. Talaka yao ilikuwa kamili kila siku kuanzia saa kumi jioni.

"Umesikia?" Fundi aliuliza.

"Nimesikia. Yanatosha."

"Yanatosha! Koti si maharage, mama watoto. Mtu hasemi yametosha."

"Ana makoti tisa, baba. Mwili wake ni mmoja."

"Ameona." Fundi alikunja barua mara mbili. "Ameona mshono wako."

Hapo cherehani ilisimama. Ukweli ni kwamba makoti matatu ya mwisho Fundi aliyachora kwa chaki na kuyakata, na yaliyobaki yote, bitana, kola, mikono, vitundu vya vifungo, yalifanywa na mama watoto. Kwenye barua Fundi aliandika "nimekushonea". Yeye aliona neno hilo linawatosha watu wawili.

"Mshono wangu una nini?"

"Unavuta uzi. Daima umevuta uzi. Mtu mwenye jicho kama lake akiligeuza koti, atajua kwamba si mkono wangu. Amekaa kimya mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sasa ananiambia kwa heshima kwamba nimechoka, nikapumzike."

"Au hataki koti."

"Nani hataki koti langu?"

Mama watoto alirudi kwenye kazi yake. Ndani ya ndoa angekuwa na jibu. Nje ya ndoa halikuwa jukumu lake.

Fundi aliandika majibu siku hiyo hiyo. YAH: BARUA YAKO ISIYO NA SABABU. Yalikuwa na vipengele vinne, na cha nne kilisema kwamba kuanzia sasa suruali pia haihitajiki. Aliisoma mara mbili akairidhia. Lakini hakuifunga bahasha. Alijua kwamba Mrefu ana miaka sabini na minane, na kwamba barua kwenda kule huchukua wiki tatu na kurudi wiki tatu, na kwamba watu wawili wa umri wao wakianza kununa kwa posta, wanaweza kwisha kabla ugomvi haujaisha. Aliiweka chini ya pasi ya mkaa, isiyotumika tena, akaamua kwanza amwonyeshe mtu mkono wa nani umechoka.

Atashona koti mwenyewe. Mwanzo mpaka mwisho, bila kuguswa na mtu.

Alichagua kitambaa cha kijivu alichokuwa amekificha kwa ajili ya mtu wa maana asiyefika. Akafungua daftari la vipimo kwenye ukurasa wa Mrefu: arobaini na mbili, kumi na tisa, ishirini na sita. Akakata. Mkasi bado ulimtii. Tatizo lilikuwa sindano. Asubuhi ya kwanza alitumia saa nzima kutafuta tundu lake, mama watoto akiimba taratibu upande wa pili wa chumba wimbo usiohusika.

"Nikutungie?"

"Nimeomba?"

"Hujaomba. Lakini umeuchovya uzi mate mpaka umelewa."

Siku ya tatu alishikiza mikono. Siku ya nne akalivalisha koti kwenye sanamu la mbao, akarudi nyuma hatua tatu, akasimama kama walivyosimama zamani, kichwa upande mmoja. Aliona koti zuri lenye ukungu. Mama watoto naye aliinuka, akalizunguka mara moja.

"Hili ni la mtu anayekwenda au anayerudi kinyumenyume?"

"Una maana gani?"

"Mkono wa kushoto umeutia kulia, baba watoto. Viwiko vinatazama mbele."

Fundi alilishika koti, akalipapasa kwa vidole, maana vidole vilisema kweli kuliko macho. Viwiko vilikuwa mbele. Alikaa kwenye benchi, hakuvua aproni, wala hakumwambia mtu atoke. Mama watoto aliyajua manung'uniko ya mwanamume huyu kwa majina yake yote. Kimya hiki hakukijua. Akachukua simu yake, akatoka nje kwenye baraza, akakaa huko nusu saa akiandikiana na mke wa mtoto wa Mrefu, ambaye walikuwa wakisalimiana tangu zamani bila kuwaeleza wanaume.

Jibu lilikuja siku ya pili yake saa nne asubuhi. Lilikuwa picha, na maneno chini yake.

"Njoo uone," alisema mama watoto. "Lakini usiiguse, ukiigusa inakimbia."

Fundi aliigusa, ikakimbia. Ikarudishwa. Mzee mmoja amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, amevaa koti la buluu la mwaka jana. Fundi alilitambua koti kabla ya kumtambua mtu. Bega la koti lilikuwa limeteremka mpaka katikati ya mkono wa juu. Mikono ilikuwa imefunika vidole. Kola ilisimama peke yake, mbali na shingo, kama inamsubiri mtu mwingine.

"Huyu nani?" aliuliza, ingawa alikuwa anajua.

"Soma."

"Sioni."

Mama watoto alimsomea. "Shikamoo mama. Baba si mgonjwa sana, ni uzee, amepungua tu. Hataki kupigwa picha, hii nimemwibia. Koti hili halivui mchana. Nimemwambia mara nyingi tulipeleke likapunguzwe, anagomba, anasema kazi ya mwenzake haifumuliwi. Anasema koti halina kosa, mwenye kosa ni yeye. Naomba baba asijue nimesema."

Fundi alisogeza kiti. Akaomba rula. Mama watoto alifikiri anatania, lakini mzee alikuwa amekwisha chukua miwani ya akiba na kuivaa juu ya ile ya kawaida.

"Vifungo hivi nilivinunua mimi," alisema. "Kila kimoja ni robo tatu ya inchi, sawasawa. Shika simu, usitikisike. Kifungo hapa ni kiasi gani kwenye rula?"

"Kidogo sana. Kama mistari miwili."

"Na bega lake, si la koti, lake, pale linapojitokeza chini ya kitambaa, mpaka upande wa pili?"

Walipima hivyo kwa muda mrefu, kifungo kikiwa kipimo cha mtu mzima, mama watoto akishika simu kwa mikono miwili, Fundi akiandika kwa chaki juu ya meza. Kifua hakipimwi kwa picha, kila mtu anajua. Lakini mtu aliyezungusha futi kwenye vifua kwa miaka hamsini na mbili anaweza kukisia. Mwishowe alipigia mstari majibu yake, kama alivyofundishwa.

"Bega kumi na sita. Kifua thelathini na sita, pengine na nusu." Akavua miwani yote miwili. "Ameniandikia arobaini na mbili miaka tisa. Tisa! Fundi mwenzangu! Anadanganya futi!"

"Wewe kiuno umemwandikia ngapi?"

"Hayo ni mambo mengine."

"Nimekuuliza ngapi."

"Thelathini na sita."

"Miaka mingapi?"

Fundi alitazama chaki.

"Ndiyo maana nyinyi ni marafiki," alisema mama watoto. "Mkikutana, mtajuana kwa majina tu."

Sasa Fundi alijua kwa nini koti limekataliwa, na kujua kulimletea shida kubwa kuliko hasira ilivyokuwa. Akishona la arobaini na mbili, rafiki yake atazama ndani yake kama alivyozama kwenye mengine, tena kwa shukrani. Akishona la thelathini na sita, Mrefu atalivaa, litamkaa, na siku hiyo hiyo atajua kwamba amechunguliwa. Mwanamume aliyekuwa akiinama kupita mlango wa duka atagundua kwamba huku nyumbani wameshampunguza kwenye daftari. Na asiposhona kabisa, basi kilichobaki kati yao ni suruali, na suruali ya upande mmoja si urafiki.

"Nifanyeje?" aliuliza. Alikuwa hajamuuliza mama watoto swali hilo tangu yule mjomba, hakimu wao wa ukoo, alipofunga jalada.

"Leta suruali zako."

"Za nini?"

"Leta, mzee. Zote."

Alizileta mkononi kama nguo za marehemu. Mama watoto aliipindua ya kwanza, ya miaka tisa iliyopita, akaangalia mshono wa nyuma. Akaipindua ya pili. Alipofika ya tano alianza kucheka peke yake.

"Hizi umewahi kuzipindua?"

"Kwa nini nizipindue? Kwenye duka letu ilikuwa sheria. Hufumui kazi ya mwenzako mpaka akuambie. Hata kuigeuza ni dharau, ni kama kumpekua mtu mifuko."

"Basi njoo nikupekulie. Tia kidole hapa."

Kila fundi huacha kitambaa kidogo ndani ya mshono wa nyuma, nusu inchi, pengine inchi, mwenye suruali akinenepa. Kidole cha Fundi kilifuata mshono. Kwenye suruali ya kwanza kitambaa cha akiba kilikuwa inchi moja, kama kawaida. Kwenye ya nne, moja na nusu. Kwenye ya saba, mbili na zaidi. Kwenye ya mwaka jana kilikuwa inchi nne kila upande, kimekunjwa kwa unadhifu, kimepigwa pasi, kimeshikizwa kwa uzi mwepesi wa rangi tofauti, uzi wa kufumuliwa, ili hata mtu asiyeona vizuri aupate kwa kucha.

Mrefu alishona nje ile thelathini na sita aliyoandikiwa. Ndani alishona aliyoijua.

"Amejuaje?" Sauti ya Fundi ilikuwa ndogo. "Sijampelekea picha. Simu ya picha sina."

"Amekaa na wewe benchi moja miaka ishirini na sita, anajua unavyokula. Nani asiyejua?"

"Na hakusema."

"Angesemaje? Umemwandikia barua ya kikazi."

Fundi alikaa na suruali ya mwaka jana magotini. Alifikiria mtu mwenye miaka sabini na saba, nchi ya watu, vidole vya baridi, akikunja inchi nne za kitambaa kwa ajili ya tumbo ambalo mwenye nalo amelikana kwa maandishi. Kila mwaka akisubiri aambiwe. Kila mwaka akijibiwa: imenikaa kama nimezaliwa nayo. Akaona kwamba kati yao wawili aliyekuwa na adabu alikuwa mmoja, na si yeye.

Aliinuka, akatoa futi ya kupimia shingoni mwake, akamkabidhi mama watoto.

"Nipime."

"Mimi?"

"Nikijipima mwenyewe nitaishika vibaya. Nimeishika vibaya miaka tisa."

Mama watoto aliifungua aproni, akaitoa ile pini akaiweka mezani bila maoni, na hilo peke yake lilimgharimu. Akazungusha futi. Walikuwa hawajasimama karibu hivyo kwa miaka kumi na tisa, na kila mmoja alitazama ukuta wake.

"Pumua, baba."

"Napumua."

"Unavuta ndani. Pumua kama binadamu. Toa. Toa yote."

Alitoa.

"Arobaini na tatu na nusu."

"Futi ya zamani hiyo, imevutika."

"Futi hii nimeinunua mwezi uliopita."

"Basi andika arobaini na tatu."

"Kalamu si unayo wewe? Andika utakacho. Mimi nimetaja nilichokiona."

Fundi alikwenda kwenye meza yake, akaitoa ile barua yenye vipengele vinne, akaipasua. Akachukua karatasi mpya. Anwani mbili, tarehe. Alisita kwenye kichwa cha habari kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kusita, kisha akaandika polepole, kwa herufi kubwa ambazo yeye mwenyewe angeweza kuziona:

"YAH: VIPIMO VYA KWELI.

Rafiki yangu, husika na kichwa cha habari hapo juu. Kiuno changu ni arobaini na tatu na nusu. Suruali zako zote zilinibana, nimezifunga kwa pini. Leo nimezipindua, naomba radhi kwa kufanya hivyo bila ruhusa, nimeona ulichoniwekea. Nakupa ruhusa ufumue makoti yangu yote. Matatu ya mwisho ameyashona mama watoto, macho yangu hayaoni sindano. Yeye huvuta uzi kidogo, utanivumilia. Koti la mwaka huu nimelikata mimi, atalishona yeye, lakini kwanza tunasubiri vipimo vyako vya kweli. Kitambaa cha arobaini na mbili nimekwisha kata, na kitambaa kikubwa hupunguzwa, kwa hiyo hujaniharibia kitu. Mpe mkweo ashike futi. Usiishike wewe. Wako, Fundi."

Mama watoto aliisoma juu ya bega lake, kazi aliyoikatazwa wakati wa ndoa.

"Huvuta uzi kidogo," alisema.

"Ndivyo ilivyo."

"Nipe niipige picha nimtumie mkwe. Itafika kabla hujavaa viatu."

"Hapana."

"Wiki tatu, baba! Mtu ana miaka sabini na minane."

Fundi alifikiri juu ya hilo kwa dhati, maana lilikuwa kweli. Lakini alimwona pia Mrefu akisomewa na mkwe, sebuleni, mbele ya wajukuu, tumbo la mwenzake na kifua chake mwenyewe vikitangazwa kwa sauti.

"Hii ataifungua peke yake," alisema. "Mwambie mkwe jambo moja tu. Barua ikifika, ampe mkononi, atoke, afunge mlango."

Mama watoto aliandika ujumbe huo. Kisha akafumua mshono wa nyuma wa suruali ya mwaka jana, akaachia inchi tatu na robo tatu upande huu na nyingine tatu na robo tatu upande ule, akaupitisha kwenye cherehani ya umeme, na Fundi alipoivaa nyuma ya pazia ilifunga kwa kifungo chake chenyewe. Hakusema imemkaaje. Alitoka nje bila aproni.

Posta ilikuwa na foleni ya watu wanne. Karani, mwanamke mwenye haraka, aliiweka bahasha kwenye mizani akamuuliza ndani mna nini.

"Vipimo," alisema Fundi.

"Vya hospitali?"

"Vya kiuno."

Karani alimtazama, akamtazama kiunoni, akampa stempu mbili. Fundi aliibandika ya kwanza, akaibandika ya pili kando yake kwa usawa, kwa kidole, bila miwani. Bahasha ilikuwa bado wazi. Aliitoa barua mara moja, akatafuta namba ile, akahakikisha kwamba nusu ipo. Akairudisha, akalamba gundi kutoka kona hadi kona, akaikandamiza juu ya kaunta kwa ngumi kama mtu anayepiga pasi kola, akaipitisha chini ya kioo.